Picha Zilizoanikwa Saa Nane

Mtu yeyote aliyeishi Kericho hata kwa wiki moja anajua kwamba mvua yetu ina saa yake. Asubuhi jua linawaka, unafua, unaanika, unakaa mlangoni na kikombe cha chai. Ikifika saa saba mawingu yanaanza kukusanyika upande wa msitu, na saa nane, ikichelewa sana saa nane na nusu, inanyesha. Akina mama wanaanua nguo bila kuangalia saa. Wachuma chai wanavaa plastiki zao kabla tone la kwanza halijaanguka. Mimi niliyekuwa nikipiga picha mtaani niliijua kuliko wote, kwa sababu mvua hiyo ndiyo iliyokuwa ikinifungia kazi kila siku ya Mungu. Ndiyo maana sijawahi kuisamehe ile karatasi ya rangi iliyosema kwamba tamasha la picha za mtaani katika mji wetu litafunguliwa rasmi saa nane kamili mchana, bustanini, nje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wapiga picha tulikuwa kundi dogo tu, tukisimama kando ya bustani ya mji na karibu na stendi, kila mmoja na kamera shingoni na bahasha ya picha za watu mfukoni. Unampiga mtu leo, filamu ikijaa inapelekwa Nakuru kusafishwa, wiki ijayo anakuja kuchukua picha yake. Hakuna aliyetuita wasanii. Hata majina yetu watu hawakuyajua. "Wewe picha, kuja hapa," ndivyo tulivyoitwa, na tuliitika. Askari wa mji walipokuwa na hasira walitufukuza pamoja na akina mama wa mahindi ya kuchoma, na tulikuwa tumezoea kukimbia huku tumeshika kamera kifuani.

Ndipo wakaja wageni kutoka Nairobi, watu wapole waliosoma, wakasema picha zetu ni sanaa na sisi ni kumbukumbu ya mji. Waliunda kamati pamoja na wakubwa wachache wa hapa, wakatuita mkutano, wakatununulia soda. Mwenyekiti akatusomea programu. Picha zitaning'inizwa kwenye kamba za katani bustanini kwa vibanio vya nguo, ili watu wa mtaa waone picha za mtaa wakiwa mtaani. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kisha akasema ufunguzi ni saa nane, akauliza kama kuna swali.

Nitasema ukweli. Kila mpiga picha aliyekuwa pale alijua. Tulitazamana. Mzee wetu, aliyeanza kazi hii kabla yetu sote, alinikanyaga mguu chini ya meza akaninong'oneza, "Waambie." Nikamnong'oneza, "Si uwaambie wewe, wewe ndiye mkubwa." Naye akanywa soda yake. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa, tena kwa rangi, na kwetu mgeni akishapanga jambo lake unaona haya kumwambia amekosea mbele ya watu. Nikainua mkono. Nilipopewa nafasi nikauliza kama tutapewa beji. Mwenyekiti akasema ndiyo, kila mshiriki atapewa beji, na watu wakapiga makofi.

Kila mmoja wetu alitakiwa kuleta picha kumi. Hapo nilikwama, maana mpiga picha wa mtaani hana picha. Picha ni za wenyewe. Negativu zangu, zile filamu za kutolea picha, nilikuwa naziweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia chini ya kitanda, na unyevu wa Kericho ulikuwa umeziingia mpaka nyingi zimeshikana na kuota ukungu. Ilibidi nizunguke kwa wateja nikiazima. Wengi walikubali haraka, tena kwa kujivunia. Kinyozi alinipa yake, mwenye duka la mbegu akanipa mbili, mwalimu mmoja akanipa ya harusi. Zikafika tisa. Lakini hizo tisa nilizitafuta tu ili niijaze hesabu ya watu wale. Niliyoitaka hasa ilikuwa ya kumi, na ilikuwa Kapsoit, kwenye ukuta wa mama mmoja.

Mama huyo alikuwa mjane mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nilikuwa nimeingia kwake mwaka mmoja kabla, nilipoitwa kupiga picha za ubatizo kwa jirani na mvua ikanikimbiza barazani pake. Ukutani, kando ya kalenda, niliona kazi yangu mwenyewe. Mtoto wake wa kiume alikuwa amepita mjini siku moja, nikampiga, na miezi michache baadaye malaria ikamchukua. Nyumba hiyo haikuwa na picha nyingine yake. Ya kitambulisho alizikwa nayo, kwa sababu mtu aliyemvalisha koti hakuangalia mfukoni.

Nilisimama mbele ya picha ile siku hiyo mpaka mvua ikaisha. Nyuma ya kijana, mtaa wote ulikuwa umeingia. Mwanamke mwenye mwavuli mwekundu, mtu wa baiskeli na mitungi ya maziwa, mbwa aliyeinua mguu mmoja akivuka, na trekta la chai likikata kona. Hakuna kilichogusa kingine. Nilipoipiga sikuyaona hayo, yalijiingiza yenyewe. Lakini watu wa Nairobi walipotueleza wanatafuta picha ya namna gani, niliikumbuka papo hapo, nikajua hii ikiwekwa kwenye kamba hakuna mtu atakayeniita tena "wewe picha".

Nilimkuta mama anakamua. Alimaliza kwanza, akanawa mikono, akanikaribisha ndani.

"Mama, hiyo picha ya kijana nataka niende nayo kwa maonyesho."

"Maonyesho ya nini?"

"Ya picha. Wakubwa watakuja. Watu wote wa Kericho watamuona."

Akaangalia ukuta.

"Iko moja tu hiyo," akasema. "Wewe uko na ingine?"

"Nitatafuta filamu yake. Ikipatikana nitakutolea kubwa."

Nilisema hivyo nikijua hali ya mkebe wangu.

"Sasa hii itarudi lini?"

"Jumapili. Ukitoka kanisa utanipata hapa kwa mlango."

Akaitoa ukutani, akakunjua vimisumari vya fremu kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja. Aliifunga kwa gazeti, kisha kwa karatasi ya plastiki iliyokuwa na sukari, aliyoipangusa kwanza kwa kitambaa chake cha kichwa. "Usikunje," akaniambia. Nikaibeba mpaka mjini ikiwa imelazwa juu ya mapaja yangu.

Jumamosi ya tamasha niliamka mapema, nikavaa suti niliyokuwa nimeazima kwa shemeji. Saa nne kamba zote zilikuwa zimejaa. Nikiri kwamba ilipendeza. Jua lilikuwa linapiga kwenye picha, upepo unazichezesha kidogo, na watu wa sokoni walikuwa wamejipanga ng'ambo ya barabara wakitafutana kwenye picha kwa kuoneshana vidole. Mgeni mmoja wa Nairobi alisimama mbele ya ile picha yangu ya kumi kwa muda mrefu, akanigeukia, akanishika mkono. "Hii," akasema. Nilijisikia mrefu. Sitasema uongo, nilijisikia mrefu sana.

Kisha kamati ikafunga utepe. Utepe mwekundu, kuzunguka bustani nzima, na dada mmoja wa kamati akawekwa hapo na orodha mkononi kuhakikisha hakuna mtu anayeuvuka mpaka mgeni wa heshima aukate. Mgeni wa heshima alikuwa na shughuli nyingine Bomet asubuhi hiyo. Mshereheshaji akawa anatupa habari zake kwenye kipaza sauti. Saa sita na nusu, mgeni wetu anamalizia chakula Bomet. Saa saba, mgeni wetu ameshatoka. Saa saba na robo, mgeni wetu amefika Kaplong. Kwaya ikaimba. Saa saba na nusu, mgeni wetu bado yuko Kaplong, anasalimia wananchi.

Nilikuwa naangalia juu. Sisi wote wapiga picha tulikuwa tunaangalia juu, tumevaa beji zetu. Upande wa msitu kulikuwa kumeshakuwa na rangi ya masizi ya sufuria. Juu yetu bado kulikuwa na jua kali, jua la kudanganya wageni. Nikamwendea yule dada.

"Dada, naomba nitoe picha moja tu. Mvua inakuja."

"Hapana, hiyo haiwezekani. Mgeni hajafungua."

"Si yangu. Ni ya mtu, na hana ingine."

"Zote ni za watu, boss. Tukitoa moja, kila mtu atataka kutoa yake, na hapo tamasha itakuwa imeisha. Na hata jua si ndilo hilo?"

Nikamtafuta mwenyekiti. Alikuwa chini ya hema la wakubwa, anapanga viti upya kwa sababu mkubwa fulani alikuwa amewekwa safu ya pili. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akaniwekea mkono begani.

"Kijana, dakika chache tu zimebaki mgeni afike. Vumilia. Programu iko hivyo."

"Mzee, programu iko hivyo lakini mvua haijaisoma."

Akacheka. Alidhani natania, akarudi kwenye viti vyake.

Hapa ndipo huwa najikasirikia mpaka nasimama kama nilikuwa nimekaa. Utepe ule ulikuwa umefika kiunoni mwangu. Ningeinama tu. Hatua ishirini, kibanio kimoja, naiingiza ndani ya koti. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuvuka kila kitu mjini, mitaro, nyua, migongo ya wauza nyanya, askari wananifuata. Siku hiyo moja nilikuwa na suti ya watu na beji iliyoandikwa mshiriki, na nikataka kuonekana mtu mwenye adabu. Nikasimama nyuma ya utepe, mikono imefumbatwa, naiangalia picha ya mama ikichezacheza kwenye kamba.

Mvua ilikuja saa nane na dakika tano. Haikuanza kwa manyunyu. Kwaya ilikimbia ikiwa katikati ya ubeti, wakubwa wakavuta viti vyao nyuma, na utepe wenyewe ukakatika kwa kukanyagwa na watu. Nami nikaingia mbio, lakini wasaidizi wa kamati, vijana wenye fulana za njano, walikuwa wamefika kabla yangu. Walikuwa wanazing'oa picha kwa viganja viwili viwili na kuzitumbukiza kwenye makatoni. Walifanya kwa moyo wote. Tena mmoja, kwa busara yake, alikuwa anazilaza uso kwa uso, ili sura zisichubuke.

Mtu asiyejua kazi hii hawezi kuelewa nilivyojisikia. Picha ikinyeshewa haijafa. Unailaza mahali, uso juu, bila kuigusa, inakauka, labda inajikunja pembeni kidogo. Kinachoiua ni kuilaza mbichi juu ya nyingine, kwa sababu uso wake unalainika na kuwa gundi. Niliwapigia kelele wasizipange, na mvua ikala sauti yangu. Nilipofika kwenye kamba yangu kulikuwa na vibanio tu. Makatoni yakapelekwa kwenye hema na kufunikwa, na msaidizi mmoja mnene akakalia la juu ili upepo usilifungue.

"Toka juu ya hiyo," nikamwambia.

"Nimeambiwa nichunge."

"Unaziua. Toka."

"Boss, nimeambiwa nichunge."

Na hapo ndipo mgeni wa heshima akafika. Mlango wa gari ukafunguliwa, miavuli mitatu juu ya kichwa kimoja. Utepe ukatafutwa matopeni, ukasuuzwa, ukashikwa na watu wawili ndani ya hema, akaukata. Akasema mvua ni baraka. Akasifu kazi nzuri alizoziona, huku mbele yake kukiwa na kamba tupu zinazodondosha maji. Tukaitwa mmoja mmoja kupokea vyeti. Changu kilikuwa kimewekwa ndani ya plastiki nzito, kimezibwa pande zote nne, na maji hayakukifanya kitu. Niliinama, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Katoni lilifunguliwa karibu saa kumi. Picha zilikuwa zimekuwa tofali. Nikawaambia wanakamati, kwa sauti ya upole ambayo sijui niliitoa wapi, kwamba bado kuna njia. Ziwekwe zote kwenye beseni la maji safi, ziachwe mpaka zilainike, saa moja, saa mbili, zitaachana zenyewe. Mzee wetu akakubaliana nami, na safari hii alisema kwa sauti. Wakakubali. Mtu akatumwa kutafuta beseni.

Nilikuwa nimeshika fungu lililokuwa na ile yangu. Niliijua kwa pembe ya mwavuli mwekundu uliokuwa unachungulia. Ilikuwa imelala uso kwa uso na picha ya mwenzangu, picha ya ng'ombe kwenye mnada wa Mulot. Beseni lilikuwa linachelewa. Nilijua kanuni, mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kuieleza. Lakini nilikuwa nimengoja tangu saa sita, nimengoja mgeni, nimengoja hotuba, nimengoja mtu anyanyuke kwenye katoni, na mwili wangu ukakataa kungoja tena. Nilitaka tu kujua. Nikaingiza kucha pembeni, nikavuta.

Iliachana kwa urahisi mwanzoni, upande wa mwavuli. Baiskeli ikatoka nzima. Mbwa akatoka. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama wa kuchana kitambaa, na kijana wa yule mama akabaki upande wa pili, kutoka kifuani kwenda juu, doa la kahawia lisilo na macho kwenye ubavu wa ng'ombe wa Mulot. Kwenye picha yake pakawa peupe. Mtu wa beseni alifika wakati huo huo, na picha nyingine nyingi zikapona.

Usiku huo sikulala, nilimwaga mkebe wote sakafuni, nikaangalia negativu moja moja kwenye taa. Haikuwepo. Au ilikuwepo ndani ya yale mafungu yaliyoota ukungu, ambako ni sawa na kutokuwepo.

Jumapili nilikuwa mlangoni kwa mama kabla hajafika. Alikuja na Biblia mkononi, akiwa na viatu vyake vya kanisani, akafurahi kuniona nimetimiza ahadi. Sikumpa nafasi ya kufungua mlango. Nilimwambia palepale, "Mama, picha imeharibika," nikampa.

Aliishika kwa vidole vya pembeni, jinsi ninavyowaambia wateja washike. Niliongea sana. Nilimweleza kuhusu programu, utepe, mgeni aliyechelewa Kaplong, vijana wa fulana za njano. Nikamwambia mpaka jinsi nilivyomwomba mwenyekiti. La kucha zangu sikumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea kama dawa, lakini alikuwa ananisikiliza tu, na nilipomaliza akafungua mlango, tukaingia, tukaketi.

"Filamu uliangalia?" akauliza.

"Niliangalia, mama. Haiko."

Alitikisa kichwa. Akaiweka picha kwenye magoti.

"Basi wewe niambie."

"Nikuambie nini, mama?"

"Mimi siku hiyo sikuwa huko. Wewe ndiye ulikuwa unamwangalia na kamera. Alikuwa aje?"

Nilimtafuta kijana yule. Nilitafuta kwa nguvu kuliko nilivyotafuta negativu. Niliona mwavuli mwekundu, niliona mitungi ya maziwa, niliona mguu wa mbwa hewani. Nilijua siku hiyo niliangalia jua liko wapi, niliangalia kama viatu vimeingia, kwa sababu mteja hapokei picha isiyo na viatu. Nilimwangalia, naam, lazima nilimwangalia. Lakini alikuwa mmoja wa watu thelathini na sita wa filamu ile, na nilichokumbuka kwake kilikuwa nafasi aliyokuwa ameijaza.

"Alikuwa anacheka," nikasema. "Alikuwa na furaha sana, mama. Mimi namwambia asimame wima, yeye anacheka tu."

Mama aliniangalia usoni kwa muda. Hakuwa na hasira, na ningetoa chochote ili awe nayo.

"Kwa picha hakuwa anacheka," akasema.

Kisha akainuka kwenda jikoni kunitengenezea chai, nami nikabaki nimekaa, maana kwa watu mtu haondoki kabla ya chai.